Mstari wa Nasike: Maisha ya Mama Phelista Nekesa Wekoye

Mchungaji Kipsang, wazee wa ukoo, wajomba zetu kutoka Malakisi, majirani wa Matulo, na nyinyi mliotoka Kitale kabla ya jua kuchomoza, asanteni kwa kuja. Mimi ni Matthew Wanyonyi, kifungua mimba wa Mama, na familia imenituma niwasomee maisha yake, kazi ambayo ndugu yangu Tonny aliikataa kwa sababu machozi yake yako karibu, na dada yetu Lorna akaikataa kwa sababu ambayo mtaisikia.

Mama alizaliwa tarehe 14 Septemba 1952 huko Malakisi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Wepukhulu, mkulima wa tumbaku, na kwa kuwa alizaliwa watu wakiwa katika mavuno aliitwa Nekesa. Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani hadi darasa la saba mwaka 1967, akafaulu, lakini karo ikaenda kwa kaka zake, jambo ambalo hakulisahau wala hakulinung'unikia, ila kila mjomba alipokuja kwetu alipewa kiti kibovu.

Mwaka 1969 alienda Kitale, akaajiriwa katika shamba kubwa nje ya mji, kazi yake ikiwa kuchambua mbegu, nzuri huku, mbovu kule, na hapo ndipo alipokutana na baba yetu, Joash Wekoye, dereva wa trekta. Walifunga ndoa kanisani tarehe 15 Desemba 1973, wakapanga nyumba Matisi, na Mungu akawajalia watoto wanne, mimi mwaka 1974, Nasike mwaka 1975, Lorna mwaka 1978 na Tonny mwaka 1982.

Wengi wenu hamkumjua Nasike. Mwaka 1984, mwaka ule wa kiangazi, akiwa na umri wa miaka minane, aliokota maharagwe machache aliyoyapenda kwa rangi, meusi yenye doa jeupe ubavuni kama tone la maziwa, akayapanda nyuma ya jikoni Matisi, na kila jioni akayamwagia maji tuliyooshea vyombo. Mashamba ya watu yalikauka, ya Nasike yakatoa maua. Tarehe 11 Juni malaria ilimchukua, baada ya kuugua siku mbili tu, maganda yakiwa bado mabichi.

Mwezi wa Julai Mama aliyavuna, yakajaa kikombe kimoja. Hakuweza kuyapika, hakuweza kuyatupa, kwa hiyo aliyachanganya na jivu, akayatia kwenye kibuyu, akakitundika juu ya mlango, na mvua iliyofuata akayapanda mstari mmoja mnyoofu, akauita mstari wa Nasike. Tangu mwaka huo mstari huo haukukosa msimu hata mmoja.

Mwaka 1996 jirani yetu wa Matisi, Mzee Rotich, alifariki, na wengine walipompelekea mjane wake, Mama Chepkorir, sukari na blanketi, Mama alienda kumwomba kikombe kimoja cha mahindi ambayo mzee mwenyewe alikuwa amechagua kwa mkono wake ili ayapande. Aliyapanda mstari wa pili. Wiki tatu baadaye alimwita Mama Chepkorir na kumpa jembe, akamwambia, "Njoo upalilie mzee wako, hapa hakuna mtu wa kukuambia unyamaze." Mama Chepkorir alipalilia huku akiongea na mumewe tangu asubuhi hadi saa sita, akamweleza mambo yote aliyoyaacha nusu, akarudi nyumbani akala chakula kwa mara ya kwanza bila kulazimishwa. Mavuno yalipofika alirudishiwa mbegu yake, ikiwa imeongezeka.

Habari ilienea. Baba alipofariki tarehe 9 Mei 2003, Mama alirudi hapa Matulo kwenye ardhi yetu, akampandia Baba wimbi kwa sababu ya uji aliokuwa akiupenda, na watu wakaanza kuja na vikombe vyao, huyu na njugu za mama yake, yule na mtama wa babu. Kuna watu hapa walioshindwa kulia makaburini wakalia katika palizi. Mchungaji, naomba unisamehe, lakini hata wewe ulikuja mwaka 2009 kumkanya Mama kwamba hayo ni mambo ya mizimu, akakusikiliza mpaka mwisho, kisha akakuuliza mama yako alikuwa akipanda nini, na msimu uliofuata tulikuona hapa suruali umeikunja, unapalilia viazi vitamu. Kwa hiyo mnaotuuliza kwa nini hakuna fulana zenye picha ya Mama, na kwa nini kaburi halina vigae, jibu ni kwamba yeye mwenyewe alitukataza, alisema picha inafifia na vigae havihitaji mtu.

Mwaka 2022 Mama alipatikana na ugonjwa wa kisukari, mwaka 2024 figo zikaanza kushindwa, akawa anasafishwa damu Bungoma mara mbili kwa wiki, na Lorna akaacha biashara yake Kitale akaja kumtunza. Katika hospitali Mama hakuomba mengi. Alimshika Lorna mkono akamwambia mvua ya Machi ikikuta mstari wa Nasike haujapandwa, basi mtoto atakuwa amekufa mara ya pili. Alitutoka Alhamisi tarehe 26 Februari 2026, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Sasa nawaambia jambo ambalo familia ilitaka kulificha. Jumatatu wiki hii mlikuja wengi kuliko tulivyotarajia, maharagwe yakaisha jikoni, Lorna akiwa amechoka akawaambia wapishi wachukue yoyote watakayoyaona stoo, na wapishi, kwa nia njema, wakateremsha hata kibuyu, wakapepeta jivu, wakatia sufuriani. Mliokula hapa Jumatatu jioni, mlimla Nasike. Lorna alikipata kibuyu kitupu asubuhi ya Jumanne, akakaa nacho mapajani, hakula, na tulipomwambia maharagwe ni maharagwe alitutazama mpaka tukaona haya. Utotoni yeye ndiye aliyekuwa analala kitanda kimoja na Nasike.

Jumatano Mama Chepkorir alifika kutoka Kapsokwony, kule Mlima Elgon anakoishi siku hizi, na kama ilivyo desturi hakuja mikono mitupu, alileta gunia dogo la maharagwe ya kuwalisha waombolezaji. Lorna aliamka kulipokea kwa heshima tu, akalifungua ili lipelekwe jikoni, na katikati ya maharagwe mekundu akaona jeusi lenye doa jeupe, kisha lingine, kisha mengi. Alipiga magoti. Mama Chepkorir akashangaa, akamwambia, "Sasa unalia nini, bana? Si hizi tulipewa na mamako? Ile siku alinirudishia mahindi ya mzee, aliweka hizi chini ya kikombe, ati mtoto mdogo hawezi tembea peke yake, wacha atembee na mzee wako."

Ndugu zangu, tulikimbia jikoni. Gunia la wajomba kutoka Malakisi lilikuwa limefika Jumanne, tukalimwaga juu ya mkeka, Nasike alikuwemo. La majirani wa Matisi, alikuwemo. La kwa Mchungaji, alikuwemo. Kila aliyewahi kuleta kikombe hapa alirudi nyumbani na mtoto bila kujua, akampanda, akamla, akamgawia jirani, miaka yote hiyo, na sisi tuliozaliwa naye hatukujua. Binti wa miaka minane, aliyezikwa siku moja ya jua kali watu wakiwa wachache, anaota kutoka Malakisi hadi mteremko wa Mlima Elgon, na Mama hakutuambia hata mara moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bungoma, tunawashukuru waliofanya kazi na Mama Kitale, ambao wamebaki wachache na wote wamefika, tunawashukuru majirani, kanisa, na wapishi, hasa wapishi, ambao wamelia vya kutosha na tunaomba waache.

Mvua ilinyesha Alhamisi usiku, ikashika, na jana asubuhi, wachimba kaburi wakiwa hawajafika, Lorna alikula sahani nzima ya chakula, akachukua jembe na kupanda mstari wa Nasike kuanzia kwenye ua hadi kando ya pale shimo lilipo sasa. Ni ule udongo mbichi mnaouona pale mbele. Vijana mtakaobeba jeneza, tafadhali msikatize hapo, piteni nyuma ya migomba, najua ni mbali na najua Mama si mwepesi, na sisi sote tutawafuata njia hiyo hiyo.

Pumzika kwa amani, Mama. Tutazunguka.