Nini Kimepita Mdomoni Tangu Asubuhi

Hamjambo kina mama wa Kamukuywa, na nyinyi wazee wachache mliokuja kuwasindikiza. Msinipigie makofi bado. Nimekuja hapa na hasira. Mwenyekiti wetu amesema niiseme yote, basi nitaisema yote, na atakayeona haya ajifunike leso.

Mnamwona yule msichana hapo nje anayemfukuza mbwa wa kanisa? Huyo ni wangu. Alipokuwa na miezi minne nilikuwa nikimbeba kwa mkono mmoja na mkono hauchoki. Mtoto wa miezi minne anatakiwa kukuchosha mkono, si nyote mnajua?

Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa vibarua Endebess, kwa shamba kubwa la mahindi ya mbegu. Kazi yetu wanawake ilikuwa kung'oa maua ya juu ya mahindi kabla hayajamwaga vumbi lake. Hiyo kazi haingoji mtu. Mtoto alipofika miezi miwili tu, nyapara akanitumia habari, nirudi au nafasi yangu ipewe mwingine. Nikamuuliza, basi nije naye? Akasema, "Ati mtoto? Hapa ni shamba, mama, si kliniki."

Trekta za shamba hilo zilikuwa na banda zisinyeshewe. Mtoto wa binadamu hakuwa na pahali pa kulazwa. Bado inaniuma, na sitaki iache kuniuma.

Basi mama mkwe akatoka huku Kamukuywa akaja kunishikia mtoto. Mama, nakuona hapo nyuma. Usiinamishe kichwa. Hii hasira si yako.

Nikienda kazini, mtoto analia. Mama anampa maji kidogo, asisikie kiu. Akilia tena, anampa uji wa wimbi, mwepesi kabisa, wa kulainisha koo. Saa zingine maji ya sukari. Jioni nafika nyumbani matiti yamejaa mpaka blauzi imelowa, nataka kumnyonyesha, mama ananizuia mlangoni: "Kamua kwanza hayo, mwanangu. Yamechomwa na jua, yatamharibu tumbo." Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo. Nami nitabishana na nani? Naenda nyuma ya nyumba, nakamua maziwa yangu chini kwa mchanga, na kuku wanakuja mbio. Mtoto analia ndani. Kuku walinenepa mwaka huo, ndugu zangu.

Mtoto akaanza kuhara. Leo anapona, kesho anahara tena.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo hasira yangu inakaa. Palikuja watu wa utafiti. Walikuwa wanachunguza afya ya kina mama na jinsi watoto wachanga wanavyonyonya na kulishwa. Kazi nzuri, siikatai. Waliniandika jina nikafurahi. Kila wiki mbili anakuja dada mmoja, mpole, na tablet yake na mizani ya kuning'iniza. Anakuja siku yangu ya kupumzika. Anampima mtoto, kisha ananiuliza:

"Mama, mtoto amepewa chakula chochote zaidi ya maziwa yako?"

Nami najibu, "Hapana. Hajaanza kula."

"Vizuri sana, mama! Endelea hivyo hivyo."

Anabonyeza tablet, ananipa sabuni, anaenda.

Nilidanganya? Haki nawauliza. Kwetu hapa chakula ni nini? Mtu wa Bungoma anaweza kumaliza chai na mkate na viazi sufuria nzima, umuulize, "Umekula?" Anakwambia, "Sijakula, bana, nangoja ugali." Mnacheka kwa sababu mnajijua. Uji si chakula, uji ni wa kunywa. Maji ni maji. Mimi nilijibu ukweli wangu, yeye akaandika ukweli wake, na mtoto wangu akawa anakonda hapo katikati. Na nilikuwa nasifiwa! Mara tatu nimeambiwa vizuri sana, mama.

Mara ya nne mizani ilirudi nyuma. Niliona kwa uso wake. Nikamuuliza, "Sasa nifanye nini?" Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi ni wa kuandika tu. Mpeleke kliniki." Akaandika, akanipa sabuni.

Ile sabuni niliirusha ukutani. Mume wangu akafikiri nimepatwa na wazimu.

Asubuhi iliyofuata sikuenda shambani. Nilikuwa nafunga mtoto mgongoni nimpeleke hospitali Kitale wakati mhudumu wa afya wa kijiji alipoingia. Mama wa makamo, gamboti zake za mpira zimejaa matope, hana tablet. Hakuuliza habari ya chakula. Alimwangalia mtoto, akaangalia kikombe cha uji kilichofunikwa na sahani, kisha akasema:

"Tangu asubuhi, nini kimepita kwa mdomo wa huyu mtoto?"

Mama mkwe akajibu bila kuficha, maana hakuwa na la kuficha. "Maji. Uji mwepesi. Maji ya sukari."

"Na maziwa ya mama?"

"Hayo ya jana ya jua alimwaga."

Yule mama wa gamboti akakaa chini. Nilidhani atatugombeza. Akanishika mkono akaniambia, "Titi si sufuria, mwanangu. Maziwa hayaungui humo ndani. Huyu ana njaa, na hayo maji yanamletea kuhara. Twende."

Nililia hapo. Swali moja tu! Miezi miwili watu wanapita na mizani nyumbani kwangu, na hakuna aliyeuliza hivyo.

Tulilazwa Kitale wiki mbili. Wauguzi walinifundisha kunyonyesha kila mara mpaka maziwa yarudi kwa wingi, na kukamua kwa kikombe safi chenye kifuniko. Niliporudi shambani nilikuwa nakamua kabla ya kutoka, mama mkwe anaweka kikombe ndani ya karai la maji baridi na kumnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Sasa mjaribu kumkaribia mtoto wake na maji! Siku moja jirani alileta uji wa mtoto, mama akaunywa wote yeye mwenyewe, akarudisha kikombe na shukrani.

Mwaka huu watu wa utafiti wamefika hapa kwetu. Tablet mpya, swali ni lile lile. Nilikuwa kwa jirani wakimuuliza, nikasimama. Nikamwambia mkubwa wao, "Hilo swali limekaribia kuniulia mtoto. Libadilishe." Akasema, "Mama, maswali yalishapitishwa." Nikamwambia, "Yalipitishwa na nani? Kuna mama wa Bungoma aliyeulizwa chakula ni nini?" Akatoa kalamu akaandika maneno yangu kwa karatasi. Kama yalifika mahali, sijui. Nitamuuliza akirudi.

Namshukuru yule mama wa gamboti. Nawashukuru wauguzi wa Kitale. Namshukuru mama mkwe wangu, aliyekubali kujifunza upya mbele ya mkaza mwana, na hilo si jambo dogo. Yule dada wa sabuni pia nilishamsamehe, maana swali si yeye aliyelitunga.

Wenzangu, mkijibu watu wa kalamu, msijibu swali peke yake. Waambieni kila kitu, hata kile ambacho hamkihesabu. Na nyanya akimwambia mtu amwage maziwa, mje mniite.

Kabla sijakaa. Wewe mama wa leso ya kijani, hapo karibu na dirisha. Tangu nilipotaja uji nimekuona ukisukuma chupa chini ya benchi kwa mguu. Usiifiche. Atakayekucheka nitamtoa nje mimi mwenyewe, maana hapo ulipokaa nilikaa mimi. Njoo huku mbele, nipe mtoto nimbebe nisikie uzito wake. Halafu utuambie pole pole, hatuandiki: tangu asubuhi, nini kimepita mdomoni mwake?