Mama Nyirabagenzi Françoise, Aliyewakabidhi Watoto Wake kwa Mungu (1958–2022)

Mama Nyirabagenzi Françoise, tunayemlaza leo Jumamosi tarehe 20 Agosti 2022 kwenye kilima alichokilima tangu ujana wake, alizaliwa hapa hapa Kibabi tarehe 3 Machi 1958. Baba yake alikuwa Mzee Mbonigaba, mkulima wa maharagi na viazi, mtu wa ibada na wa maneno machache. Françoise alikuwa wa sita kati ya watoto wanane. Mdogo wake Nshimiyimana, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyemfuata, na ndiye aliyebebwa mgongoni mwake mpaka akafikia umri wa kuona haya. Kama kuna mahali sauti itakwama, mtamwia radhi.

Aliingia shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza darasa la sita mwaka 1971, akiwa wa pili kati ya wanafunzi thelathini na wanne. Mwalimu wake alipanda hadi nyumbani kumwomba Mzee amruhusu aendelee na sekondari, ambayo siku zile ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni, akajibu, "Njia iko ndefu, na mutoto mwenyewe iko mufupi." Mambo yakaishia hapo. Françoise alilia siku mbili, ya tatu akachukua jembe. Mzee hakuwa mkatili. Aliogopa, basi. Lakini binti yake aliapa mbele ya wadogo zake kwamba watoto atakaowazaa yeye watasoma mpaka wachoke wenyewe.

Mwaka 1978 kanisa la Kibabi lilimwita seremala kijana aitwaye Nzabandora Nestor atengeneze mabenchi. Wazee wanakumbuka kwamba benchi la kwanza, lililo karibu na mahali wasichana wa kwaya, Françoise akiwa mmoja wao, walipokuwa wakisimama, lilimchukua wiki tatu kulipima tu. Walifunga ndoa katika kanisa hilo tarehe 14 Julai 1979, na waliishi pamoja miaka arobaini na mitatu. Papa Nestor hajawahi kusema jambo kwa maneno kumi kama mawili yanatosha, na Mama Françoise aliyatumia yale manane yaliyobaki. Walipendana sana, na majirani wote ni mashahidi.

Mtoto wao wa kwanza, Edmond, alizaliwa mwaka 1980. Februari 1984 alishikwa na surua. Mama yake alimfunga mgongoni akashuka naye kilima kuelekea kituo cha afya, ambacho kilikuwa mbali, na mtoto alikata roho njiani kabla hawajafika. Baada ya hapo Mungu aliwapa watoto wengine wanne: Déo, Francine, Claudette na Byukusenge. Lakini tangu siku ile Mama Françoise aliishi roho juu. Mtoto akikohoa mara moja, yeye alikuwa ameshainuka. Francine alipoanza shule, alimsindikiza kila asubuhi kisha akabaki amesimama nje ya dirisha la darasa, mpaka mkurugenzi wa shule akamletea ufagio akisema, "Mama, kwa kuwa uko hapa kila siku, utusaidie na kiwanja." Alikifagia mwaka mzima. Tulizoea kumcheka, na yeye alicheka pamoja nasi, ila hakuacha.

Kazi yake ilikuwa shamba, na katika shamba hakuna aliyemfikia. Alichagua mbegu za maharagi moja moja kwa vidole, akazichanganya na majivu zisiliwe na wadudu, akazihifadhi kwenye mtungi mkubwa ambao haukufunguliwa mpaka mvua za Septemba. Wanawake wa makanisa matatu walikuja kuchukua mbegu kwake. Aliongoza umoja wa akina mama miaka kumi na minane na kuimba kwaya mpaka mwaka jana. Maharagi hayo ndiyo yaliyowasomesha watoto wote wanne, kama alivyoapa. Claudette alikwenda Goma kusomea ukunga na akapata diploma yake mwaka 2014, msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika huko. Mama alivaa pagne mpya ya kitenge siku hiyo na hakukubali kuivua siku tatu.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Mwenyewe aliagiza lisomwe lote siku ya maziko yake, bila kupunguzwa.

Ijumaa tarehe 18 Julai 2014, Mchungaji Théophile wa kanisa letu alimkuta Mama Françoise shambani na kumpa bahasha yenye mhuri wa daktari. "Hii barua iko ya Claudette," alimwambia. "Banamupatia kazi Mpofi, kule Walikale. Anatakiwa kufika tarehe moja ya mwezi wa tisa." Kisha mchungaji akaendelea na safari yake ya Goma, alikokuwa na mafunzo ya wiki sita. Mpofi! Ni kule kwenye msitu, kwa pikipiki, kwa miguu, na kwa kungoja njia ifunguke. Mama Françoise aliiweka bahasha ndani ya nguo. Nyumbani hakumwambia mtu. Claudette aliuliza kila siku kama kuna habari, na kila siku mama yake alimjibu, "Ngojea tu, mwanangu, itafika." Barua ilikuwa imeshafika. Ilikuwa ndani ya mtungi wa mbegu, chini ya maharagi na majivu.

Ni yeye mwenyewe aliyechagua mahali pale, kwa kuwa hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa mle. Alimsahau Papa Nestor. Jumamosi tarehe 30 Agosti, Mama Françoise akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, jirani yake Mama Joséphine-Marie alikuja kuomba mbegu, na Papa Nestor, kwa wema wake wote, akainamisha mtungi juu ya kapu lake na kummiminia. Saa moja baadaye Mama Joséphine-Marie alirudi, akapaza sauti tangu kwenye uzio, na nusu ya kijiji ikamsikia: "Mama Françoise! Mimi niliomba maharagi, mbona munanipatia na barua ya docteur?"

Claudette ndiye aliyeipokea. Aliipangusa majivu, akaisoma amesimama. Mama yake alikuwa anaingia uani wakati huo, bado na kitabu cha nyimbo mkononi.

"Mama, ni wewe njo ulificha?"

"Ni mimi."

Claudette hakupiga kelele. Heri angepiga, Mama Françoise alikuwa akituambia baadaye. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, kule kuko bamama banazaa bila muntu wa kubasaidia. Wewe ulizika Edmond juu muganga alikuwa mbali. Leo muganga ni mimi, na unanifunga kwa nyumba?"

Mama Françoise alikwenda kukaa kwenye kitanda chake, na huko, kwa maneno yake mwenyewe, alimwona baba yake akimpima kichwa hadi miguu, kisha akajiona yeye mwenyewe akimpima Claudette. Alimlilia Mungu. Alimwambia kwamba Yeye alimchukua Edmond bila kumwuliza, na kwamba kwa miaka thelathini hakuwa amemsamehe Mungu kwa hilo, ingawa aliimba kwaya kila Jumapili. Ndugu zangu, sala kama hiyo mtu haisali mara mbili katika maisha.

Kesho yake, wakati wa ushuhuda, alisimama mbele ya kanisa. Walioketi pale wanakumbuka maneno yake: "Mimi nilificha barua ya mutoto wangu. Nilikuwa najiambia iko upendo. Hapana, ilikuwa woga, na ule woga niliupatia jina muzuri. Muniombee mimi, si Claudette. Yeye iko tayari." Kisha Mama Joséphine-Marie akatoka kwenye benchi lake akaja kumshika bega, na akina mama wote wakamfuata.

Claudette aliondoka wiki ile ile, amechelewa siku nne. Mama yake alimfungia kilo tano za mbegu na kumsindikiza hadi barabarani. Alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, na Papa Nestor anasema kwamba njiani hakugeuka nyuma.

Hatusemi kwamba hofu iliisha siku hiyo. Mama Françoise angetukataza kutia chumvi. Alizoea kusali kwa sauti shambani kabla ya kuanza kulima, na mwanzoni sala zake zilikuwa ndefu ajabu: Bwana, Claudette asipande pikipiki kukiwa na mvua, asinywe maji ambayo hayajachemka, asilale bila chandarua, dereva asiwe kijana. Mchungaji Théophile aliwahi kupita akasikiliza, akamwuliza, "Mama Françoise, hii iko maombi, ao ni programu ya kazi unapatia Mungu?" Alicheka mpaka akaketi kwenye tuta. Lakini neno lile lilimwingia. Mwaka hadi mwaka sala ilifupika, mpaka ikabaki kumtaja kila mtoto kwa jina na kusema, "Huyu iko wako." Kisha alianza kulima.

Mwaka 2017 imani hiyo ilijaribiwa. Kuanzia Machi hadi Juni njia ya Walikale ilifungwa kwa kukosa usalama, simu hazikupita, na hapakuwa na mtu aliyetoka Mpofi. Watu walimjia na maneno ya kutisha. Wengine walimwambia wazi kwamba heri angemzuia Claudette asiende. Mama Françoise alikonda, hilo tuliliona. Lakini alipanda maharagi yake kwa wakati, na kila Alhamisi alizunguka nyumba za akina mama wengine wenye watoto wa mbali, akawakusanya wasali pamoja. Walianza wanne, wakafika ishirini na mmoja. Alipoulizwa na mdogo wake anapata wapi nguvu, alimjibu, "Sina nguvu, kaka. Niko namupatia Mungu Claudette kila asubuhi. Saa sita nimeshamukamata tena. Basi namupatia tena."

Tarehe 22 Juni mchuuzi wa mafuta ya mawese aliyetoka Hombo na kupita Mpofi alileta kikaratasi. Claudette alikuwa mzima. Katika miezi ile minne, peke yake na msaidizi mmoja, alizalisha akina mama hamsini na watatu, na hakumpoteza hata mmoja. Mama Françoise alikisoma kikaratasi kile kanisani, sokoni, na kwa kila mtu aliyekosea kumsalimu barabarani.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka sitini, alikwenda Mpofi mwenyewe. Alisafiri siku tatu, na dereva alikuwa kijana. Huko alikutana na mwindaji mmoja, Papa Raphaël, ambaye bado alishika desturi za wazee wake wa msituni pamoja na ukristo wake, na ambaye mke wake alikuwa ameokolewa na mikono ya Claudette. Alimletea nyama iliyokaushwa kwa moshi, akamwambia, "Tulikuwa tunataka kuona huyu mama aliyekubali kutuachia mutoto." Mama Françoise, aliyeogopa msitu maisha yake yote, alilia mbele ya mgeni yule bila kuona aibu. Aliporudi hakusema tena kwamba binti yake anafanya kazi mbali. Alisema anafanya kazi kwa watu wake.

Machi mwaka huu alianza kusikia maumivu ya tumbo. Julai hospitali iliona uvimbe kwenye ini, na madaktari wakasema ukweli. Aliwashukuru, akaomba arudishwe nyumbani. Claudette alipiga simu akitaka kuondoka Mpofi siku ile ile, lakini mwenzake alikuwa likizo na akina mama watatu walikuwa wamefikia siku zao. Mama yake alimwambia, "Bale batatu banakutegemea. Maliza kwanza. Mimi niko na Mungu, na Papa yako iko hapa."

Claudette alifika Jumatatu tarehe 15 Agosti, amejaa matope hadi magotini. Kila mtoto wa nyumba hii anajua maswali ya mama yake mtu anapotoka safarini: njia ilikuwaje, ulilala wapi, ulikula nini, nani alikuendesha. Siku hiyo hakuuliza hata moja. Alimshika mkono, akasema, "Yule mama wa tatu, alizaa?"

"Alizaa, Mama. Mutoto mwanamuke."

"Alilia?"

"Alilia sana."

"Asante Bwana," akasema, akafumba macho akitabasamu.

Claudette alimwosha, akamlisha, akakaa naye siku mbili. Mama Françoise aliitwa na Bwana Jumatano tarehe 17 Agosti 2022, saa mbili asubuhi, mbele ya mume wake na watoto wake wote wanne, akiwa na miaka sitini na minne.

Ameacha mume, Papa Nzabandora Nestor. Wanawe Déo, mwalimu wa hapa Kibabi, Francine wa Goma, Claudette, mkunga wa Mpofi, na Byukusenge, anayeshika shamba. Wajukuu kumi na mmoja. Na mdogo wake Nshimiyimana. Ameacha pia akina mama ishirini na mmoja wa Alhamisi. Claudette anarudi kazini Jumatatu, kwa agizo la marehemu, na baba yake ndiye atakayemsindikiza hadi barabarani.

Pumzika kwa amani, dada. Watoto wako pale ulipowaweka mwenyewe.