Aliyewapokea Mapadre Saba

Mama yetu mpendwa, ambaye nusu ya waliopo hapa wanamjua kwa jina la Mama Funguo tu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ni kitindamimba wake. Kaka yangu ndiye aliyepaswa kusoma, ila sauti imemkauka tangu juzi, kwa hiyo mtanivumilia.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1959 hadi 1965, kisha miaka miwili ya ushonaji. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno, na mtasikia jinsi ulivyoifaa jumuiya hii kuliko vyeti vya wengi wetu.

Alifunga ndoa na baba yetu, mchomeleaji, tarehe 20 Aprili 1974. Mwaka 1980 baba alipata kazi katika nchi hii, na mama akamfuata miezi saba baadaye na watoto wawili na cherehani. Mimi nilizaliwa hapa. Kuanzia 1985 hadi alipostaafu mwaka 2011 alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka. Hakuna shuka tulilokunja sisi nyumbani likamridhisha. Baba alitangulia mwaka 2003.

Kama mjuavyo, jumuiya yetu haina kanisa lake. Tunaazima la wenyeji, tunasali saa nane mchana wao wakishamaliza, na makazi ya padre ni vyumba viwili nyuma ya ukumbi. Mapadre wetu hutumwa kutoka nyumbani kwa miaka michache, kisha huitwa warudi. Anayeondoka huondoka siku aliyoandikiwa, anayekuja huja siku viza itakapotoka, na katikati hapo hakuna wa kumwambia padre mgeni ni mgonjwa yupi anakaa mlango upi. Funguo zilibaki kwa mama, naye akabaki na jina.

Mwaka 1998 tulimuaga padre wetu wa tatu mara tatu. Mara ya kwanza ukumbi ulifurika, watu wakalia, akapewa sanduku la safari. Mrithi wake akanyimwa viza, padre akaambiwa asubiri. Mara ya pili tulilia kidogo, akapewa sanduku jingine. Viza ikakwama tena. Alipoondoka kweli, wote tulidhani ni yale yale. Mama peke yake ndiye aliyekuwa uwanja wa ndege na mtu aliyetuhudumia miaka sita, na masanduku yake mawili.

"Akaniuliza watu wako wapi," alitusimulia. "Nikamwambia wamepata udhuru. Nimemdanganya padre jamani, na wa kuniungamisha ndiye huyo anapanda ndege!"

Alicheka kila aliposimulia, lakini lilimuuma.

Ndipo alipoanza daftari lake la jalada la buluu, la kumpa kila padre mgeni. "Mlango wa sakristia: geuza ufunguo kushoto, usukume kwa goti." "Kwaya ina viongozi wawili. Wasalimie wote siku moja." "Leseni yako ya gari haikubaliki hapa, usijaribu." "Mzee wa ghorofa ya tatu haji kwa sababu ya magoti, hana hasira na mtu. Aliyekutangulia hakujua, akamwacha mwaka mzima." Na kila uhamisho ulipokaribia, alimwandikia askofu akiomba mapadre wawili wapewe hata wiki moja pamoja, wakabidhiane nyumba kwa nyumba. Mara mbili alijibiwa kwamba haiwezekani.

Agosti mwaka jana aligundulika na saratani ya kongosho. Februari, padre wetu wa sita alipata barua ya uhamisho, na kibali chake cha kuishi hapa kilikuwa kinaisha tarehe 30 Aprili. Mama hakuuliza nani atamzika. Aliuliza viza ya padre mrithi imefika wapi. Nilimkasirikia.

"Mama, achana na viza za watu, kula."

"Nikifa katikati ya mapadre," akasema, "wagonjwa wangu nani atamwonyesha huyo mgeni?"

Viza ilitoka tarehe 22 Aprili. Tarehe 25, dirisha la jikoni likagongwa. Ukurasa wa mwisho wa daftari alikuwa amejiandika yeye mwenyewe: "Mlango wa kijani. Kengele mbovu, gonga dirisha. Mgonjwa anaongea sana, mpe Komunyo kwanza." Wakaingia mapadre wawili. Mama akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Mko wawili," alisema, na machozi yakamtoka. "Haya, kaeni. Tuanze ukurasa wa kwanza."

Siku nne walizunguka nyumba zote, na kila jioni walirudi kumpa habari. Alifariki tarehe 29 Aprili, saa nne asubuhi, tukiwa tumemshika mikono. Alikuwa ametuachia agizo moja: msiba usitufanye tumwache padre aende peke yake. Kesho yake tulikuwa watu arobaini uwanja wa ndege, wafiwa na majirani, na padre akalia kuliko sisi.

Anayemzika leo ana siku tisa tu katika nchi hii, na tayari anajua milango yetu yote.

Mama ameacha watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mmoja, na jumuiya hii nzima. Funguo ninazo mimi, na daftari analo padre.

Mama, wagonjwa wako wote wametembelewa. Sasa pumzika kwa amani.