Mama Muhuri na Vyeti vya Tumbo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyemtuhumu mpishi kuwalisha watoto sumu, kisha akaolewa naye. Usibadilishe stesheni, umesikia sawasawa. Alimtuhumu, halafu akaolewa naye. Na hapo katikati, shule yetu ikapata mshauri wa wanafunzi.

Alikuwa karani wa shule. Karani tu, ingawa hata mwalimu mkuu alikuwa anabisha hodi kwake. Sisi wanafunzi tulimwita Mama Muhuri. Kwa miaka thelathini na moja alikaa ofisi ile ile, nyuma ya dirisha lile lile dogo, muhuri wa shule ukiwa kwenye mfuko wa sweta yake. Karatasi isiyo na muhuri wake ilifaa kufungia karanga.

Binti yake wa pekee ameniambia, "Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Nikitaka kulala kwa shangazi, lazima niandike barua. Siku moja aliirudisha, eti sijaweka tarehe. Nikalala nyumbani."

Sasa, pale dirishani kulikuwa na kitabu cha vyeti vya ruhusa. Mwanafunzi akiumwa, anakwenda kwa Mama Muhuri, anaandikiwa cheti, anakwenda zahanati. Cheti kilikuwa na mistari mitatu ya kuchagua: kichwa, tumbo, jino. Basi. Ukivunjika mguu, utajua mwenyewe uchague upi.

Muhula mmoja Mama Muhuri akakaa kuhesabu vyeti vyake. Hakuna aliyemtuma. Akakuta tumbo. Tumbo, tumbo, tumbo. Vyeti mia tatu na kumi na viwili vya tumbo, muhula mmoja! Akavua miwani, akaivaa tena, akaelekea jikoni.

Mpishi wetu alikuwa mtu mpole, aliyefiwa na mkewe zamani. Anaikumbuka siku ile vizuri.

"Aliingia bila hodi," ameniambia. "Akauliza, 'Wewe baba, unawalisha nini watoto wa watu?' Nikamwambia, maharage. Akasema, 'Basi na mimi nitakula hayo hayo wiki nzima. Nikifa, umefungwa.'"

Akala wiki nzima. Hakufa. Tumbo halikumuuma hata kidogo. Sketi ndiyo ilianza kumbana, na Ijumaa akaomba aongezewe. Lakini wiki ile ile vyeti vya tumbo vilizidi kumiminika. Watoto wanakula anachokula yeye. Yeye mzima, wao tumbo. Na wengi walikuja Jumatatu asubuhi, au siku ya mtihani, kabla hata jiko halijawashwa.

Hapo ndipo alipong'amua. Akarudi jikoni, na safari hii alibisha hodi. "Baba, nisamehe," akasema. "Chakula chako hakina neno. Hawa watoto yamewajaa kifuani, hawana pa kuyasema. Na kitabu changu ndicho kinachowafundisha kusema tumbo."

Wasikilizaji, katika vyeti vile mia tatu na kumi na viwili, kumi na kimoja vilikuwa vyangu. Ndiyo, mimi huyu. Baba yangu alikuwa amehama nyumbani. Na kila Jumatatu mwalimu wetu alituita mmoja mmoja mbele ya darasa, tusimulie tulivyoshinda Jumapili na wazazi. Tumbo langu lilikuwa linaanza Jumapili jioni. Lilikuwa linauma kweli, nisije nikasingiziwa kwamba nilidanganya.

Mama Muhuri akaenda kwa bodi ya shule. Shule ipate mshauri, tena wa kulipwa, aliyesomea kazi hiyo. Bodi ikamjibu hakuna fungu. Na kweli, fungu lilikuwa moja tu, nalo lilitengwa kujenga geti jipya. Geti la nguzo mbili, na jina la shule kwa rangi ya dhahabu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa ameshachora mchoro wake. Alitembea nao mfukoni kama picha ya mjukuu.

Ila wakasahau jambo moja. Anayeandika na kusoma kumbukumbu za kikao ni karani. Kikao kilichofuata kilipofunguliwa, mwenyekiti akasema, "Karani, tusomee." Mama Muhuri akaweka kapu mezani, akaanza kusoma vyeti, kimoja kimoja.

"Kidato cha kwanza, tumbo. Kidato cha tatu, tumbo. Kidato cha pili, tumbo."

Alisoma bila kunywa maji. Kwenye cheti cha sitini mjumbe mmoja akashindwa kuvumilia. "Kwani hawa watoto wanakula nini?"

Mpishi, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, akapaza sauti, "Mimi nimeshachunguzwa!"

"Karani," mwenyekiti akasema, "nimekuelewa. Lakini fungu hakuna."

"Fungu lipo, mzee wangu. Liko getini. Na bado nina vyeti mia mbili na hamsini na viwili. Kidato cha nne, tumbo."

Walikubali kabla hajamaliza cheti cha mia. Mshauri akaajiriwa, siku mbili kwa wiki. Geti la zamani likafungwa kwa waya, na linafungwa kwa waya mpaka leo. Mama Muhuri akachapa vyeti vipya, vyenye mstari wa nne: nataka kuongea.

Mimi sikuuchagua. Niliona aibu. Nikaenda dirishani nikasema tumbo, kama kawaida. Akanitazama juu ya miwani, akaweka alama kwenye mstari wa nne mwenyewe, akagonga muhuri. "Nenda chumba kile. Huna la kusema leo, utasema Alhamisi. Yule analipwa hata ukinyamaza."

Nilinyamaza siku tatu, kwa gharama ya shule. Siku ya nne nikalia, nikasema, na sijanyamaza tangu hapo. Mnaonilalamikia kwamba naongea sana kipindini, sasa mnajua pa kupeleka malalamiko.

Na mpishi? Mwaka uliofuata walioana. "Alinituhumu kwa sumu," mzee ameniambia, "halafu akala kwa mkono wangu miaka kumi na minane. Hata radhi alikuwa anaiomba akiwa ameshika sahani."

Miezi miwili iliyopita, wasikilizaji wapendwa, Mama Muhuri alilazwa hospitali. Mwenyekiti alikwenda kumwona. Ni yule yule, mvi zimeongezeka, mchoro bado mfukoni. Akamwambia kwa upole kwamba bodi itamjengea geti lenye jina lake. Pesa watazichukua kwa mshauri, mwaka mmoja tu. Mama Muhuri akasema asante kwa machungwa aliyomletea.

Alifariki Jumanne iliyopita. Tulimzika Alhamisi. Pale makaburini mwenyekiti akasimama na kutangaza geti lake, na watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama nyuma, na Mungu wangu, tumbo likaanza kuniuma.

Ndipo mzee mpishi akainuka polepole. Akatoa karatasi mfukoni mwa koti. "Mke wangu aliniachia nimpe mwenyekiti siku akilitaja geti," akasema. Akaisoma.

"Jina: Mwenyekiti. Darasa: Bodi. Anaumwa nini: geti. Yalianza lini: miaka kumi na tisa iliyopita. Aende wapi: kwa mshauri. Na akifika amkute kazini."

Chini yake, muhuri wa shule. Mwalimu mkuu akashika kichwa. Alikuwa ameutafuta muhuri ule miezi miwili! "Ulikuwa chini ya mto wake hospitalini," binti akaninong'oneza.

Watu walicheka huku wanalia. Mwenyekiti alicheka, kisha akalia kuliko wote. Akautoa mchoro, akaukunja mara nne, akamkabidhi mzee. "Cheti kina muhuri," akasema. "Mshauri abaki."

Mzee wetu mpishi, poleni sana wewe na binti. Mumlilie, na mkimkumbuka mcheke, maana hatukuwa na namna nyingine ya kuishi naye.

Na wewe unayenisikiliza, mwanao akisema tumbo linamuuma, mpe dawa ya tumbo. Akisema tena Jumatatu ijayo, zima redio. Ndiyo, nizime mimi. Kaa naye, hata akinyamaza.