Kidole Kimekosa Ufa: Kumuaga Fundi Wetu wa Milango

Amekubali kustaafu. Amekubali kwa kinywa chake mwenyewe, Jumanne ya wiki iliyopita, saa tano asubuhi, mbele ya mwenye gereji, karani, fundi rangi na mimi mama yake mzazi, na kama kuna mtu alikuwa bado anabisha sasa anyamaze. Tarehe thelathini ya mwezi huu wa tisa, baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ileile ya pembeni chini ya dirisha, fundi wetu wa paneli za milango atavua ovaroli yake ya bluu na kwenda nyumbani kukaa kitako.

Hamjambo wote. Salamu nilizisahau kwa furaha, mtanisamehe.

Wasifu huu wa kubandikwa ubaoni na kugawiwa wateja alipangiwa karani wa gereji auandike. Akaandika nusu ukurasa. Nilipousoma nikamuuliza, mwanangu, hii ni barua ya kuomba likizo au ni maisha ya mtu? Akacheka, akanipa kalamu. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nilishona viti vya magari katika gereji hii miaka kumi na tisa kabla sijapumzika, kwa hiyo naandika kama mfanyakazi mwenzake. Pale nitakaposifu kupita kiasi, hapo ni mama anaandika. Mtatofautisha wenyewe.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na sita. Duka la vitambaa alikokuwa akiuza lilikuwa limefungwa, naye alikuwa nyumbani ananipangia vyombo upya kila siku mpaka nikawa siyaoni masufuria yangu. Nikamwambia mwenye gereji wa wakati ule, baba wa huyu wa sasa, kwamba nina binti ana mikono. Akaniuliza, ana mikono ya kufanya nini? Nikamjibu, mpe kitu kilichoharibika utajua.

Akampa paneli, yaani lile gamba la plastiki linalofunika mlango wa gari kwa ndani, pale unapoegemeza kiwiko na kupandisha kioo. Ilikuwa na ufa kutoka kwenye kishikio mpaka kwenye spika. Siku hizo paneli ikipasuka watu walibandika stika juu yake, au walimkataza abiria asiegemee. Yeye aliigeuza, akaitazama mgongoni, akauliza kama anaweza kubaki nayo.

Ile ya kwanza aliijaza gundi ngumu, ile inayokauka kama jiwe. Ikapendeza. Ikapendeza wiki mbili. Gari likakaa juani, plastiki ikatanuka, gundi ikagoma kutanuka, na ufa mpya ukafunguka kando ya ule wa zamani, umenyooka nao sambamba kama reli. Mwenye gari akamwuliza kama analipia ufa mmoja au nyufa zote mbili. Binti yangu hakula siku hiyo. Ndipo nilipomwambia, tukiwa tunaosha vyombo, kwamba ufa ni kama mpasuo wa sketi: usipoukaza mwishoni utaendelea kupanda, na kila mshonaji anajua hilo. Kesho yake akaomba sindano yangu nene ya kushonea viti, akaipasha moto, akatoboa kitundu kidogo kwenye kila mwisho wa ufa. Ufa ukafika kwenye kitundu, ukasimama. Akaweka kiraka cha kitambaa mgongoni kwa gundi inayonepa, na mbele akajaza puti laini badala ya lile jiwe. Paneli ile sijasikia kwamba imepasuka tena mpaka leo. Naomba habari ya vitundu iandikwe kwa herufi nzito, maana ilitoka kwangu.

Sindano aliomba. Kijiko hakuomba. Nilikuwa na vijiko sita vya chai nilivyotunzwa siku ya harusi yangu, na mwezi wa tatu wa kazi yake vikawa vitano. Niliuliza nyumba nzima. Nilimshuku wifi yangu, Mungu anisamehe, nikamtazama kwa jicho la pembeni karibu mwaka mzima. Siku moja naenda kuchukua mkasi kwenye meza ya binti yangu, namkuta ameshika kijiko changu kimekunjwa shingo, mpini umesuguliwa ukawa mwembamba kama ukucha, anasukumia puti ndani ya ufa. Nilifungua mdomo nigombe. Nikauona ule ufa unapotea mbele ya macho yangu, nikafunga mdomo. Tangu siku hiyo gereji nzima inamwita Kijiko. Wifi yangu nilimshonea gauni, na mpaka leo hajui lilikuwa la nini. Akisoma hapa, basi ndiyo hilo.

Sitaki mfikiri hakuwahi kuharibu. Mwaka wake wa pili alitengeneza paneli ya mwalimu mkuu mmoja, mama mnene mwenye heshima zake na mkoba mkubwa. Ufa uliondoka, rangi ikaoana, akairudisha mlangoni, vibanio vyote vikaingia kwa mlio mzuri. Kitu kimoja tu alisahau, kuunganisha waya wa kufungulia mlango kwa ndani. Mwalimu mkuu akafika shuleni kwake, akavuta kishikio, kikaja mkononi kirahisi kama kamba ya kiatu, mlango umetulia. Na upande wa pili siti ilikuwa imejaa madaftari. Akatokea dirishani, mbele ya gwaride la asubuhi, na inasemekana shule nzima ilisimama wima bila kuamriwa. Mchana akaja gereji. Sote tulijificha nyuma ya mashine yangu ya kushonea. Akamwambia binti yangu, "Mwanangu, kazi yako ni safi. Ila mimi ningependa na kushuka." Aliendelea kuwa mteja wetu miaka ishirini, na kila akija kuchukua gari alikuwa anaketi, anafunga mlango, anaufungua, anafunga, anaufungua, ndipo anaaga.

Baada ya hapo Kijiko hakusahau waya tena. Wenzake wanaujua mwendo wake kwa kusikia tu. Anaosha paneli kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, anaiacha ikauke kabisa, hata mteja akikohoa. Msasa wake unapita taratibu kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Puti anaiweka nyembamba, inakauka, anaweka nyingine, na ile milia midogo ya plastiki anairudisha kwa kukandamizia kipande cha ngozi. Rangi ndiyo ya mwisho. Kisha anafumba macho na kupitisha kidole cha shahada kutoka juu mpaka chini. Kidole kikikwama popote, anaanza upya. Nimemwona akianza upya mara tano na mteja amesimama mlangoni anatazama saa.

Na ubishi. Kuna wateja wanaomkwepa njiani kwa sababu anawahubiria. Usifute paneli kwa mafuta ya taa, yanaila. Usiegeshe juani kutwa nzima, tafuta kivuli, na ukikosa weka kinga ya jua nyuma ya kioo cha mbele na uache madirisha nafasi ya kidole. Usifunge mlango kwa kuvuta ile paneli, vuta kishikio, ndiyo kazi yake. Usipige teke. Nimemsikia akimsimamisha bwana harusi mlangoni mwa ukumbi kwa sababu alibamiza mlango wa gari la maua. Bibi harusi alikubaliana naye, nimesikia bado wanafunga polepole.

Sasa niwaambie kwa nini mimi nacheka peke yangu jikoni wiki nzima. Alitakiwa kustaafu mwezi wa tatu. Mwenye gereji, ambaye simlaumu, ni kijana mzuri na nilimshonea sare yake ya kwanza ya shule, alimwambia, "Dada, ukiondoka pale pembeni nitaweka matairi. Nani siku hizi atakaa siku mbili na ufa mmoja?" Kijiko akauliza, na wenye magari ya zamani ambayo paneli zake haziuzwi tena? Akajibiwa watazoea. Basi akavaa ovaroli yake, akasema, "Siondoki." Mwenye gereji akadhani ni utani. Yeye si mtu wa utani saa za kazi.

Walivutana wiki mbili, wakafikia mapatano ambayo sijapata kuyasikia popote. Mtu yeyote wa gereji akitengeneza paneli iliyopasuka, na Kijiko akafumba macho akapitisha kidole asiupate ufa, basi meza inabaki, mtu huyo anakaa hapo, naye anastaafu. Asipopatikana mtu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, matairi yanaingia.

Aliyejitokeza ni fundi rangi. Msidondoshe miwani. Ndiyo, huyohuyo anayeimba, ambaye kwa miaka kumi na moja ameiita meza ile hospitali. Kila asubuhi, "Dada Kijiko, leo umelaza wangapi?" Naye anamjibu bila kuinua macho, "Wanne, na kitanda chako nimekitandika." Nilimuuliza kimekupata nini. Akaniambia, "Mama, gari la marehemu baba alilitengeneza dada. Nimeutafuta ule ufa mwaka mzima. Sijauona. Nataka kujua ulikwenda wapi."

Mwezi wa tatu alipeleka paneli yake ya kwanza. Kidole kilishuka shubiri moja kikasimama. "Hapa. Ulikuwa na haraka." Mwezi wa sita akapeleka nyingine. Kidole kikashuka mpaka chini, fundi rangi akaanza kupumua, kikarudi juu, kikasimama katikati. "Hapa panateleza. Umesugua mno. Mlango hauna kipara." Fundi rangi ana kipara. Hakuimba siku tatu. Matairi yakaanza kuletwa, yakapangwa nje ya dirisha la binti yangu mpaka mwanga ukapungua, na yeye akawa anafanya kazi ameisogeza paneli karibu na pua. Hakulalamika. Nyumbani ndiko nilikomwona anapitisha kidole juu ya meza ya chakula.

Jumanne karani akanipigia, mama njoo, na usichelewe. Nilivaa viatu visivyofanana. Nikawakuta wamezunguka meza, paneli ya kijivu iko katikati. Kijiko akafumba macho. Kidole kikashuka. Kikarudi. Kikapita kwa ubavu, kikazunguka kishikio, kikapanda tena. Mara nne. Nilimshika karani mkono, na ameniambia baadaye kwamba nilimfinya. Binti yangu akafumbua macho, amekunja uso. "Umenipa isiyopasuka. Mimi sichezewi."

Fundi rangi akaigeuza. Mgongoni palikuwa na kiraka, kirefu kama mkono wangu huu, na vitundu viwili vya sindano, kimoja kila mwisho. Kijiko akavigusa kimoja kimoja. Kisha akasema, "Vitundu vyako vimenyooka kuliko vyangu." Akavuta kiti, akaketi, akaagiza chai. Miaka thelathini na minne sijamwona akiketi kabla ya saa saba mchana. Fundi rangi alizunguka uwanja mzima na ile paneli kichwani kama sinia, akiimba. Mwenye gereji alipeana naye mkono, akaenda kuhamisha matairi. Mahali pa kuyaweka hakuna, kwa hiyo yapo ofisini kwake, na sasa anaingia kwenye kiti chake kwa ubavu.

Jioni ile binti yangu alinirudishia kijiko. Amekiosha, amekifunga kwenye kitambaa. "Mama, mali yako." Nikakiweka kwenye droo na wenzake watano. Kimepinda, hakikorogi, hakichoti, kinawasukuma wenzake. Siku ya pili nikakitoa. Fundi rangi amesema hatakipokea kwa mtu mwingine ila mwenye nacho, kwa hiyo nitamkabidhi mimi, kwa mkono wangu, mbele yenu nyote, na hapo ndipo meza itakuwa imepata mtu.

Mwanangu, kwa niaba ya gereji nzima, mafundi, karani, mwenye gereji na matairi yake, tunakushukuru kwa kila mlango ulioutuliza. Uende ukaishi vizuri, kwenye kivuli, na kidole chako kipumzike. Na mimi kwa niaba yangu mwenyewe nasema, masufuria yangu usiyaguse.

Wateja wa zamani, wateja wapya, mwalimu mkuu kama bado unashuka kwa mlango, wifi yangu na gauni lako, njooni wote. Mkifika fungeni milango polepole, atakuwa amekaa karibu na geti anasikiliza. Ni hapahapa gereji, Jumamosi, tarehe nne ya mwezi wa kumi, saa nne asubuhi.