Kufuli la Mwalimu Cho Bado Liko kwenye Swichi Kuu

Mkono Mkavu mwenzangu, wewe uliyewahi kupita Karakana Namba Tatu ukatoka na vidole vyako vyote, hii isome ukiwa umekaa. Mwalimu Cho Tien-lai amestaafu tarehe 31 Julai 2024. Ametimiza miaka thelathini na sita katika Shule yetu ya Ufundi ya Ho-tung, hapahapa Yunlin, Taiwan, na miaka yote hiyo amefundisha kozi ileile: kufunga umeme wa maduka na viwanda. Hakuhama idara, hakutaka kuwa mkuu wa idara, na meza yake alikataa isisogezwe hata hatua mbili karibu na feni. Alisema akikaa pale hataona swichi kuu.

Alianza kazi tarehe 1 Agosti 1988. Alitokea kiwanda cha nguo, alikofanya kazi miaka sita, na alikuja na vidole vinane. Mkono wa kushoto una vitatu. Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza huwa wanakufa kwa hamu ya kujua imekuwaje, na kila mwaka kuna mmoja asiyeweza kujizuia, anauliza. Jibu lilikuwa lilelile, sentensi moja tu: "Aliyewasha mashine alikuwa na haraka." Halafu anageuka ubaoni. Zaidi ya hapo hakuna anayejua, hata sisi walimu wenzake tuliokula naye wali wa mchana.

Ndiyo maana siku ya kwanza darasani kwake hugusi waya. Unapewa kufuli. Kufuli dogo jekundu, na kibao chenye picha yako na jina lako. Ukitaka kuweka mikono yako ndani ya paneli, unazima swichi, unatia kufuli lako, ufunguo unautia mfukoni. Mkiwa watu watano, makufuli matano. Anayelifungua ni mwenyewe tu. Rafiki yako haruhusiwi, wala mwalimu, wala mkuu wa shule. Kufuli namba moja ni la kwake mwenyewe, la tangu 1988, na picha yake pale ana nywele nyeusi tii, nyingi, mpaka ukiiona unacheka kwa siri.

Na asubuhi, kabla ya kipindi, mikono mbele. Anapita mstarini anagusa viganja kwa mgongo wa mkono wake, mmoja mmoja. Wenye jasho wanaenda kwenye taulo. Mwezi mzima ukipita hujatumwa kwenye taulo, anaanza kukuita Mkono Mkavu, na jina hilo hulivui tena. Kuna mtu ni meneja wa kiwanda Taichung sasa hivi, ana mvi, akipiga simu shuleni anajitambulisha hivyohivyo: "Ni mimi, Mkono Mkavu wa mwaka tisini na nne."

Kwenye kazi yenyewe, jamani, mzee alikuwa moto. Kwa vidole vinane alikuwa anakunja nyaya arobaini kwenye kona ya paneli, zote zimelala sambamba kama zimechanwa na kitana. Ukimaliza ya kwako, anafumba macho na kuvuta waya mmoja mmoja pale kwenye skrubu. Ukichomoka, anaulaza mezani mbele yako kama samaki aliyekufa.

"Mwalimu, ule ulikuwa umekaza kabisa!"

"Ulikuwa. Sasa uko mezani."

Zaidi ya wanafunzi mia tisa wamepata cheti cha serikali cha umeme wa viwandani kupitia kwake. Medali tatu za mashindano ya kitaifa ziko kwenye kabati la ofisi. Lakini hayo hakuyataja hata kwenye hotuba yake ya kuaga. Alichotaja ni hiki: miaka thelathini na sita, na hakuna aliyepigwa na umeme karakanani kwake. Hata mmoja. Alisema akigonga meza ya mbao kwa kile kidole chake cha katikati, halafu akakaa. Hotuba nzima haikufika dakika mbili.

Sasa siwezi kumsifia Mwalimu Cho bila kumtaja Fundi Tseng Huo-wang, mtunza karakana wetu, kwa sababu hao wawili wamegombana tangu enzi za redio za kaseti. Fundi Tseng ana mikono ya dhahabu na kichwa kilichotoboka. Mwaka 2009 aliondoka kwenda Penghu kwenye harusi ya mpwa wake, akavuka bahari, na ufunguo wa kufuli lake mfukoni. Kufuli lenyewe likabaki kwenye swichi kuu. Walimu wote walisema likatwe, maana Tseng yuko kisiwani anakula pweza, kila mtu anajua. Mwalimu Cho alikataa. Karakana ilikaa bila umeme siku mbili, watu wakachora michoro kwa penseli, mpaka Tseng aliporudi na mfuko wa vitafunio vya karanga kuombea msamaha. Cho alivichukua, akala, na hakusamehe. Tangu hapo, kila Ijumaa jioni anamsimamisha mlangoni: "Huo-wang, mifuko!" Na Fundi Tseng, mtu mzima mwenye wajukuu, anageuza mifuko nje.

Stori hiyo ilichekesha sana watu kwa miaka kumi na tano. Tarehe 13 mwezi wa saba mwaka huu ilikuwa imebaki kidogo iue mtu.

Siku hiyo ilikuwa mtihani wa vitendo, darasa la mwisho la Mwalimu Cho, watahiniwa kumi na wanane. Mvua ilikuwa inapiga bati tangu alfajiri mpaka ukitaka kuongea unapaza sauti. Watahini wameshafika kutoka nje, mmoja wao bwana mrefu mwenye saa kubwa. Na miongoni mwa watahiniwa alikuwepo Tu Pei-yun, ambaye kampuni moja ya lifti ilikuwa imeshampa nafasi ya kuanza Jumatatu, kwa sharti moja tu, awe na cheti. Alikuwa ameshaanguka mtihani huo mara mbili. Usingefanyika siku hiyo, tarehe nyingine ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na kampuni haimngoji mtu mpaka mwezi wa kumi na moja.

Saa mbili kasoro robo tunaingia karakanani kuwasha umeme. Swichi kuu imezimwa. Ina kufuli. Kibao kinasema: Tseng Huo-wang.

Watu walicheka kwanza, nakuambia kweli. Halafu wakaacha kucheka. Simu yake inaita, haipokelewi. Pikipiki yake haipo kwenye maegesho. Nyumbani hakuna anayejibu.

"Amerudia tena!" mtu akasema. "Amelala na ufunguo mfukoni huyo!"

Mkuu wa shule, Bi Hung, akaja na mwavuli unaochuruzika. "Mwalimu Cho, kateni. Nitanunua jingine."

Mwalimu Cho akavuta kigoda, akakiweka mbele ya swichi kuu, akakaa, akakunja mikono.

"Kufuli halikatwi. Mtafuteni mwenyewe."

"Mwenyewe yuko nyumbani kwake!"

"Umemwona?"

Yule mtahini mrefu akaangalia saa yake. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini ikifika saa mbili na nusu hakuna umeme, naandika umeahirishwa. Kwa wote kumi na wanane."

"Andika unachopaswa kuandika," akasema Mwalimu Cho. "Mimi siinuki."

Na hapa inabidi niseme ukweli, kwa sababu wengine mmeshaanza kusimulia vibaya. Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma ni mimi niliyekwenda kuuleta. Hakuna aliyenituma. Nilikimbia mpaka stoo na kurudi, nimelowa, nikasimama mbele yake na ule mkasi, nikamwambia, mbele ya wanafunzi, "Mwalimu, wiki mbili zijazo unaondoka. Unataka uondoke ukiwa umewaharibia hawa?" Mwalimu Cho aliangalia viganja vyangu. "Mikono yako imelowa," akasema.

Aliyetuokoa wote ni Pei-yun. Wakati sisi tunapigiana kelele, yeye alikuwa amesimama karibu na rafu ya zana, pale Fundi Tseng anapowekaga kifungua kinywa chake. Kulikuwa na chapati ya mayai ndani ya karatasi na glasi ya maziwa ya soya imefunikwa. Akaigusa.

"Ni ya moto," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akapiga kelele: "Maziwa ni ya moto! Mjomba Tseng haachi chakula! Yuko hapahapa!"

Akatoka mbio kwenye mvua bila mwavuli, akazunguka nyuma ya jengo. Tukasikia bati linagongwa kama ngoma. Ngazi ilikuwa kule nyuma, ukutani, mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa amechungulia. Fundi Tseng alikuwa darini tangu saa moja na nusu anarekebisha feni ya kutoa hewa, ile inayopata umeme wake kutoka kwenye swichi hiyohiyo kuu. Alikuwa amesikia watahini wanalalamikia joto, akataka kuwafurahisha. Simu ameiacha kwenye koti. Pikipiki iko gereji, mkewe ndiye aliyemleta. Na kwa kelele za mvua hakusikia chochote, mpaka sura ya Pei-yun ilipotokea kwenye tundu la dari, maji yanamtiririka puani. Nyaya mbili alikuwa amezishika hivi, shaba tupu, mmoja kila mkono.

Akashuka, akatuangalia. "Mbona mnanitazama kama maiti? Nani amekufa?"

Akauona ule mkasi mikononi mwangu, akaangalia kufuli lake, akaangalia mkasi tena. Akakaa chini sakafuni palepale. Mimi niliuachia mkasi ukaanguka. Mlio wake ninao mpaka leo.

Mwalimu Cho aliinuka kwenye kigoda. Hakutusema. Alimwambia Fundi Tseng, "Huo-wang, mifuko," na Fundi Tseng akatoa ufunguo, akafungua kufuli lake mwenyewe. Saa mbili na dakika ishirini na saba. Yule mtahini mrefu akavua saa yake, akaitia mfukoni, na nadhani siku nzima hakuivaa tena.

Lakini Pei-yun alikuwa amelowa mpaka mifupa. Mtihani ukaanza, wenzake kumi na saba wameshika bisibisi, na Mwalimu Cho amesimama mbele yake: "Taulo."

"Mwalimu, muda unakwenda!"

"Taulo. Halafu nywele. Halafu viatu."

Alimvalisha koti lake la kazi, mikono imekunjwa mara tatu. Zikapotea dakika kumi na mbili, na mtahini hakuwa na ruhusa ya kumrudishia hata moja. Tulikuwa tumebanana dirishani, mpaka Bi Hung, mwavuli umefunguliwa ndani ya nyumba hajui. Pei-yun aliweka bisibisi chini zikiwa zimebaki dakika nne. Mtahini akavuta nyaya zake mmoja mmoja. Hakuna uliochomoka. Akawasha. Taa ya kijani, mota ikazunguka, akabonyeza kitufe chekundu, ikasimama. Basi. Sasa hivi ninapoandika, Pei-yun yuko ndani ya shimo la lifti mahali fulani Kaohsiung, na ameniambia kufuli lake jekundu amekwenda nalo.

Mwalimu Cho, kwa niaba ya karakana nzima, na kwa niaba ya Fundi Tseng ambaye amesema akijaribu kuandika atalia: asante. Asante kwa kigoda kile. Na kwa safari hii uliyoianza, tunakuombea uendeshe baiskeli na mkeo kuizunguka Taiwan yote bila pancha, upepo uwapige mgongoni, mle vizuri njiani, na mlale mpaka jua lipande bila kusikia kengele ya mtu yeyote.

Limebaki jambo moja, na hili nakuuliza wewe, Mkono Mkavu.

Tarehe moja mwezi wa nane nimeingia karakanani kujaribu paneli kwa ajili ya wanafunzi wapya. Swichi kuu imezimwa. Ina kufuli. Kufuli namba moja, lenye picha ya yule kijana mwenye nywele nyingi. Fundi Tseng alicheka mpaka akashika ukuta: "Amesahau! Miaka kumi na tano ananikagua mifuko, na yeye amesahau!" Mimi sina uhakika kama amesahau. Simu yake imezimwa, kadi ya posta ya mwisho imetoka Hualien, upande wa pili wa kisiwa, na hakuna anayejua atafika lini. Wanafunzi wapya ishirini na sita wanafungua shule tarehe 30. Bi Hung anasema kata, mwenyewe si mfanyakazi tena, na safari hii kweli kila mtu anajua yuko wapi. Mkasi uko stoo na ufunguo wa stoo ninao mimi.

Jana nilizunguka nyuma, nikaweka ngazi, nikapanda darini kuangalia. Hakuna mtu. Nilijua hakuna mtu, na bado nilipanda. Nikashuka, nikakausha mikono, nikavuta kile kigoda chake nikakaa mbele ya swichi.

Wewe ungefanyaje?