Dada Aliyeimba "Kifungo"

Wasikilizaji wapendwa, tumshukuru Mungu aliyetuamsha salama, nanyi tunawashukuru kwa kuisogeza redio karibu. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto kidogo, aje akae. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja. Sura yake wengi hamuijui. Sauti yake mnaijua. Ni yule dada anayeimba viitikio katika albamu ya "Kifungo". Amefariki wiki iliyopita, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Huyo ndiye tunayemkumbuka leo: fundi cherehani, dada aliyeimba "Kifungo".

Tutamkumbuka kupitia kwa mdogo wake, yule mnayemwita Shoka, mwenye albamu. Alipokuja hapa studio tulimwuliza, "Tuanzie wapi, kaka?"

Akavua kofia. "Anzieni kwenye wivu. Msinipambe. Nimemwonea wivu dada yangu mpaka juzi makaburini."

"Makaburini?"

"Ndiyo. Watu wameimba kiitikio chake kuanzia getini mpaka shimoni. Mistari yangu hakuna aliyeikumbuka hata mmoja. Nimesimama na koleo mkononi, machozi yananitoka, na moyoni nasema: hata leo, dada?"

Haya basi. Tuanzie kwenye wivu.

Shoka alilelewa na dada yake huyu. Wazazi waliondoka mapema, na dada akakaa kwenye cherehani mdogo wake asilale njaa. Lakini kijana akaingia kwenye genge. Wakavunja duka. Asubuhi moja polisi wakaja kumchukua. Wao wanavuta mkono, dada anavuta shati. Shati likashindwa. Kifungo kimoja cha bluu kikaruka, kikaanguka mlangoni. Shikeni hapo, wasikilizaji. Kifungo cha shati kilibaki mlangoni, na mwenye shati akaenda kutumikia kifungo cha jela.

Alipotoka alijifunza kuchomelea vyuma. Mchana anatengeneza mageti, na nyuma ya kile kinyago cha kukinga macho anatunga. Zilikuwa rapu za kihuni, zile ngumu: visu, usaliti, rafiki aliyemtaja polisi, harufu ya selo. Akampata fundi mitambo mwenye studio ndogo nyuma ya duka la vipuri, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro yaliyochoka. Wakarekodi. Fundi mitambo akasikiliza, akajikuna kidevu.

"Ni kali, bwana. Lakini kavu. Mtu atasikiliza mara moja, atatetemeka, basi. Inataka mafuta."

"Mafuta gani? Mimi nauza chipsi?"

Wakati wanabishana, mlango ukagongwa. Dada. Shoka alikuwa amesahau funguo za nyumba, na dada kampelekea, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Akasimama pale pale mlangoni akisikiliza wimbo ule wa jela. Halafu akaanza kuvumisha sauti midomo imefumbwa, taratibu, kama mtu aliye peke yake.

"Dada, hebu rudia hicho," fundi mitambo akasema.

Akarudia, safari hii kwa maneno:

"Kifungo kimeanguka mlangoni,
nimekiokota, nimekitunza,
rudi na shati lako nikushonee."

Shoka alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, umechanganya! Mimi naimba kifungo cha jela, wewe unaniletea cha shati!"

"Sijachanganya," dada akasema. "Wewe ulikaa na chako. Mimi nikakaa na changu."

Fundi mitambo aligeukia ukutani akajifanya anatafuta waya.

Ndivyo dada huyu alivyoingia kwenye albamu ya kihuni. Hakuwahi kuwaza kuwa mwanamuziki. Alikuwa mtu wa sala, mwanakwaya wa kanisani tu. Kabla ya kurekodi alifumba macho, akamwombea mdogo wake, akamwombea fundi, akaombea na maikrofoni isije ikaharibika. Alikuwa na sharti moja: tusi halitatoka kinywani mwake. Kila Shoka alipoanza mistari yake, dada aliyekuwa upande wa pili mbele ya maikrofoni yake, vipokea sauti masikioni, aligeuza uso kuelekea ukutani. Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

"Unaniombea?" Shoka alimwuliza siku moja.

"Shughulika na yako, nishughulike na yangu."

Shoka akaamini dada anasali ili kuyafuta maneno yake machafu. Ikamchoma. Yeye anatunga kazi ya maisha yake, na dada anaisafisha kwa sala kama mtu anayepiga deki!

Albamu haijatoka, na tayari mafundi wa magari wa pale nje wanapiga mluzi kiitikio. Anayefungua gurudumu, mluzi. Anayekoroga rangi, mluzi. Shoka anapita katikati yao, hakuna anayegeuka.

"Mistari haipigwi mluzi," alituambia. "Hilo ndilo lililoniua. Mimi nimelala sakafu ya saruji, yeye ameokota kifungo. Halafu kifungo ndicho kinachopigwa mluzi!"

Ikafika siku ya kuchanganya sauti kwa mara ya mwisho. Mnajua ule mtambo wenye vitufe vya kusukuma juu na chini, kila kitufe na sauti yake. Fundi yule hakuandika majina ya watu. Alikuwa na mtindo wake: alibandika utepe wa karatasi chini ya kila kitufe, akaandika kwa kalamu nene. Kimoja "Moto". Kingine "Maji".

Fundi akatoka kwenda kupokea simu. Shoka akabaki peke yake na mtambo. Akaangalia Moto. Akaangalia Maji. Moto ni nani kama si Shoka? Akakishika Maji, akakivuta chini. Si mpaka mwisho, asije akagundulika. Dada asikike kwa mbali, kama redio ya jirani. Kisha akatoka zake nje, akisingizia joto.

Wasikilizaji wapendwa, Moto alikuwa dada. Maji alikuwa yeye Shoka.

Albamu ikatoka. Aliposikia sauti yake mwenyewe iko chini, inanong'ona nyuma ya dada yake kama mtu anayeungama, alikaribia kuivunja redio. Lakini watu je? Watu walipagawa. Hawakuwahi kusikia mhuni anazungumza chini hivyo. Wakasema huyu ametubu kweli. Mchungaji wa dada akamkumbatia mbele ya watu: "Umejishusha, mwanangu. Umempa dada yako nafasi."

"Ukamjibu nini?" tulimwuliza.

"Nikasema amina. Ningesema nini?"

Basi akawa anasifiwa kwa unyenyekevu, na kila sifa inamkwaruza. Wivu haukupungua, ulinenepa. Dada alipojiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima, kwa kuwa hakuwa amesoma utotoni, Shoka akasema moyoni: hapo sasa. Anajifunza kuandika, atatoa albamu yake, na mimi nitarudi kwenye mageti moja kwa moja. Siku moja alimkuta nyumbani ameshika karatasi ya jalada la albamu, ile yenye mashairi, anafuata maneno kwa kidole, silabi kwa silabi. Dada akaifunika haraka kwa kitambaa alichokuwa anashona.

"Unaniibia mistari, dada?"

"Kaa kwanza unywe maji."

Hakukaa. Hakunywa maji. Tangu siku hiyo salamu zikawa za simu tu, mpaka ugonjwa ukaingia. Mtoto wa kwanza wa marehemu alituambia, "Mama alikuwa anauliza kila jioni, mjomba wenu kala? Sisi tunajibu, mama, mjomba ni mtu mzima. Anasema, mimi sijauliza umri."

Baada ya mazishi fundi mitambo alimpigia simu Shoka. Alikuwa bado na rekodi zote za mwanzo kwenye kompyuta yake. "Njoo. Ukitaka, tuchanganye upya. Safari hii tukupandishe na wewe."

"Sitawadanganya," Shoka alituambia. "Nilikwenda mbio."

Trei za mayai bado zipo ukutani. Fundi akamwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza. "Siku ile nilirudi nikakuta umejivuta chini mwenyewe. Nikasikiliza, nikasema, huyu ana heshima. Sikugusa. Kwa nini ulijivuta?"

Shoka akamwambia ukweli. Fundi akacheka kwa uchungu. "Wewe Moto? Wewe unamwagika tu, bwana. Anayeunguza ni dada yako. Sasa kaa, nikupigie Moto peke yake."

Akafunga sauti zote, akabakiza ya dada. Ikaja pumzi yake. Kikaja kiitikio. Halafu pakafika pale ambapo ni zamu ya Shoka, na palipaswa kuwa kimya.

Hapakuwa kimya. Dada alikuwa ananong'ona. Hakuwa anasali. Alikuwa anasema mistari ya mdogo wake, neno kwa neno, anapandisha anapopandisha, anakata anapokata: selo, rafiki msaliti, sakafu ya saruji, vyote. Palipofika tusi, alisema "mm", akaendelea.

Mwisho wa wimbo ukasikika mlango, Shoka wa siku ile anatoka nje, kisha sauti ya dada akizungumza. "Fundi, hayo ya katikati yafute. Asije akajua namwonea wivu."

Ndani ya rekodi fundi akamjibu kwa mbali, "Wivu wa nini, dada, na sauti hiyo?"

"Mimi nina sauti tu. Yeye ana maneno."

Fundi hakufuta. Aliishusha tu sehemu hiyo mpaka isisikike, akakaa nayo miaka yote.

Wasikilizaji wapendwa, huyo ndiye tuliyemzika wiki iliyopita: fundi cherehani, mama, mtu wa sala, dada aliyeimba "Kifungo". Tunawapa pole wanawe, mumewe, wanakwaya wenzake, mafundi wa pale nyuma ya duka la vipuri, na wewe Shoka. Mungu aliyesikia minong'ono yake yote ampokee. Nasi tuliobaki tujiulize: yule tunayemwonea wivu, tumeshakaa kwake tukanywa maji? Aliye hai tumwendee leo.

Sasa tunawapigia wimbo uliochanganywa upya. Shoka aliulizwa sauti yake ipandishwe kiasi gani. Alisema iachwe pale pale alipoivuta kwa mkono wake, na mnong'ono wa dada upandishwe juu yake. Kwa hiyo mistari mtaisikia kwa watu wawili. Mkisikia "mm", mjue ni dada huyo.

Tulipomaliza kuusikiliza naye hapa, alivaa kofia yake, akainuka. Mlangoni akageuka.

"Mnaona?" akasema. "Hata mistari yangu ameisema vizuri kuliko mimi."